Tathmini yangu ya mkutano wa maoni kuhusu kilima chetu: nyota mbili na nusu

Nimewahi kuandika kuhusu taa za sola za kuvulia, turubai lililovuja siku ya pili na mashine ya kusaga iliyonila laki tatu. Vyote hivyo nilivilipia. Safari hii naandika kuhusu huduma ambayo sikuilipia. Nililipwa mimi: shilingi 5,000 mkononi, soda ya baridi, na andazi la jana. Huduma yenyewe inaitwa ushirikishwaji wa wadau.

Nikae vizuri kwanza nieleze. Mimi ni mkaushaji wa dagaa. Kijiji chetu kiko ziwani upande wa Magu, na jina lake nalibana kwa sababu bado naishi pale na watu ninaowasema tunakutana kisimani. Nyuma ya ufukwe, kama hatua mia nne hivi kutoka kwenye chanja zetu za kuanikia dagaa, kuna kilima cha mawe. Ukishafika Mwanza unajua mawe yetu yalivyo, yamepandana kama mtu aliyapanga akaenda kunywa maji asirudi. Chini ya kilima kuna ngitili, malisho tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Juu wanapanda watoto na mbuzi. Pembeni kuna akina mama kama ishirini wanaoponda kokoto kwa nyundo, wanaziuza kwa ndoo. Hiyo ndiyo ardhi iliyoombwa na kampuni moja ili wachimbe mawe, walipue kwa baruti na wafunge krasha, yaani mashine ya kusaga mawe.

Nisieleweke vibaya. Kokoto zinahitajika. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka ni kilomita 341 na haiwezi kulazwa juu ya nyasi. Daraja la Kigongo–Busisi, tulilolipita kwa vigelegele mwaka 2025, halikujengwa kwa maneno. Vijana wetu wanataka kazi, na waliounga mkono machimbo pale kijijini si wajinga wala hawakuhongwa. Mdogo wangu ni mmoja wao. Mimi nauliza jambo dogo kuliko hilo: nilipoitwa nitoe maoni, maoni yangu yalihudumiwaje?

Nianze na muda. Tangazo lilibandikwa kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Aliyepanga siku hiyo hakuwahi kuishi na wavuvi wa dagaa. Ilikuwa giza. Kwa asiyejua, giza ni zile siku mwezi haupo, taa inaonekana vizuri majini na dagaa wanaifuata. Ndizo siku za kazi. Mitumbwi inarudi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na dagaa wakishateremshwa hawasubiri mkutano. Usipowatandaza mapema wanaanza kulainika matumbo, na jioni una chakula cha kuku. Kwa hiyo saa tatu asubuhi, kwenye giza, akina mama wote wa ufukweni wana mikono yenye magamba hadi viwikoni. Wangeweka mkutano wiki ya mbalamwezi, tungejaa hadi wengine tukae madirishani.

Mimi nilikwenda kwa sababu shemeji alikubali kunishikia chanja. Tulikuwa wanawake sita kwenye darasa la shule ya msingi. Wanaume walikuwa wengi, hasa wa bodaboda, maana habari ya 5,000 ilikuwa imewafikia kabla ya tangazo.

Kwanza tukapitishiwa karatasi ya mahudhurio. Hapa nawapa nyota nzima kwa ufanisi, sijaona karatasi inayotembea kwa kasi ile. Jina, kitongoji, namba ya simu, sahihi. Mimi ni wa 41. Juu yake palikuwa na maandishi mawili ya Kiingereza yaliyokolezwa wino, na mzee aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Mayu, hii tunasaini posho au tunasaini kilima?" Nikacheka. Baadaye nimelifikiria sana swali lile.

Kisha projekta. Walitundika shuka nyeupe mbele ya ubao, wakasahau kwamba darasa letu halina mbao za madirisha. Jua la asubuhi likaingia moja kwa moja. Tuliona shuka. Kijana wa kampuni ya washauri elekezi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi linasimama lenyewe, alisoma slaidi ambazo ni yeye tu alikuwa anaziona, kwenye kompyuta yake, kwa Kiswahili cha ofisini: "athari chanya", "athari hasi", "hatua za upunguzaji". Nusu saa. Watoto waliokuwa wanachungulia nje ndio walioburudika.

Maswali yakaanza. Mzee mmoja, wa umri wa kumzaa baba yangu, akasimama na fimbo yake akaongea Kisukuma. Alisalimia vizuri, mwangaluka kwa kila upande, kisha akaeleza chemchemi iliyoko upande wa mashariki wa kilima, ambayo miaka ya njaa haikukauka. Akaeleza ni familia zipi zinachota pale na ng'ombe wangapi. Akauliza baruti ikipasua mwamba, maji yatabaki njia yake ileile au yatatafuta nyingine? Kama dakika kumi, na kila neno lilikuwa na uzito. Mtafsiri, kijana wetu wa hapohapo aliyekodiwa siku hiyo, akageuka kwa wageni akasema: "Anasema anaunga mkono maendeleo, ila wazingatie maji."

Darasa zima likaguna. Kijana wa shati jeupe akaandika mstari mmoja.

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kuuliza habari ya vumbi, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu na ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko wahandisi.

Dagaa wetu tunawapeleka Mwaloni, Kirumba. Pale mnunuzi hapimi kwa macho peke yake. Anachukua dagaa mmoja katikati ya gunia, si juu, anamtia mdomoni anamtafuna taratibu huku anakutazama machoni. Anasikiliza meno. Akisikia kru, hata punje moja ya mchanga, uso unabadilika na bei inashuka kwa theluthi bila majadiliano. Ndiyo maana tuliacha kuanika mchangani na kuingia gharama ya chanja za miti na nyavu. Dagaa wa chanja hana mchanga. Tulichanga kikundi kizima miaka mitatu kuzijenga.

Sasa krasha linasaga mwamba kuwa unga. Unga ule unakwenda wapi? Unakwenda na upepo. Na upepo wetu una ratiba, kila mvuvi anaijua. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko ziwa, hivyo alfajiri upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini. Mchana jua likishachoma ardhi unageuka, unatoka ziwani kuja juu. Kwetu unageuka kati ya saa nne na saa tano. Maana yake, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi chochote kinachopeperuka kilimani kinapita juu ya chanja zetu. Na ni saa hizohizo dagaa wametandazwa wakiwa wabichi, wananata kama gundi. Baada ya saa tano wameshakauka ngozi, na upepo unalipeleka vumbi upande wa pili, kwenye mapori. Kwa hiyo sikusimama kuuliza kama krasha lije au lisije. Niliuliza litaanza kusaga saa ngapi.

Nikasema yote hayo, labda si kwa mpangilio huu. Kijana wa shati jeupe akatabasamu: "Ahsante sana mama, tumelichukua."

Tumelichukua! Mdogo wangu alihesabu, neno hilo lilisemwa mara kumi na nne siku ile. Nikasimama tena, nikamuuliza, "Mwanangu, mkilichukua mnalipeleka wapi?" Watu wakacheka, naye akacheka, mwenyekiti akasema muda umekwisha. Soda zikaingia.

Mmoja wao, mwanamume mtu mzima kidogo, alinifuata nje akanikumbusha kwa upole kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na chanja zetu ziko ndani ya mita hizo. Ni kweli, ziko. Nilikosa la kujibu papo hapo. Njiani nikafikiri kwamba chanja ni miti na nyavu, naweza kuing'oa asubuhi ikawa kuni jioni, lakini sikumrudia. Nayataja hapa kwa sababu tathmini isiyosema upande wangu mbaya ni tangazo la biashara.

Mpaka hapo ningeandika nyota moja, ile ya karatasi ya mahudhurio, nikalala. Ila kulikuwa na binti.

Alikuja kesho yake, Jumapili, peke yake kwa bodaboda. Siku ya mkutano alikuwa amekaa nyuma na daftari la kawaida la mistari, la shilingi elfu moja, nami nikadhani ni karani. Kumbe ndiye mtaalamu wao wa masuala ya jamii. Akanisalimia, "Shikamoo mama, nimekuja kuuona upepo." Nilimpenda hapohapo. Akavua viatu akashika dagaa, akatandaza nasi chanja mbili nzima, vibaya, lakini akatandaza. Kila baada ya nusu saa alirusha juu kijinyasi kikavu akatazama kinakokwenda, akaandika. Saa nne na robo nyasi zikasimama hewani kama zinafikiri, kisha zikaanza kurudi kwetu. Akapiga kelele kama mtoto. Nikampa dagaa mkavu wa mchangani na mwingine wa chanja, nikamwambia tafuna, sikiliza. Akatafuna. Wa kwanza akamtema.

Alikwenda pia kwa yule mzee, na safari hii alimchukua mjukuu wake mzee awe mkalimani. Waliizunguka chemchemi. Nusu ya nyota mbili na nusu zangu, na zaidi, ni za binti yule. Nimemwekea kisado cha dagaa wa chanja, akipita atachukua.

Ripoti ya washauri wale ilipokamilika ikaletwa nakala moja ofisi ya kata. Kanuni zinataka ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Muhtasari wa Kiswahili ulikuwapo, siwezi kuwasingizia: kurasa tano. Ripoti yenyewe kurasa mia mbili na zaidi, Kiingereza kitupu, na ofisi haikuruhusu itoke nje. Nikamwomba karani, tukaenda naye hadi steshenari jirani, akasimama mlangoni kama polisi huku nanakili kurasa 28 kwa shilingi mia mia. Kurasa nilizozichagua ni zile zilizokuwa na jina la kijiji chetu, kwa sababu ndilo neno nililoliona haraka.

Usiku ule mwanangu wa tatu, aliye chuo anasomea mazingira, alinisomea kwa simu picha za kurasa nilizomtumia. Jedwali la hoja za wadau lilikuwa na safu tatu. Hoja yangu ilikuwa imeandikwa: "Vumbi." Jibu lake: "Barabara zitamwagiwa maji." Hoja ya mzee: "Maji." Jibu: "Mradi utachimba kisima." Mahali pa upepo walikuwa wametumia wastani wa mwaka wa kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege. Wastani wa mwaka! Upepo unaokwenda asubuhi na kurudi mchana, ukiuweka pamoja ukaugawa, unapata kwamba haukutoka nyumbani. Kisha, kama kiambatisho, karatasi ya mahudhurio yote, na mimi pale, wa 41, sahihi yangu ikiwa imekolea. Sentensi ya chini yake, mwanangu akaitafsiri mara mbili ili ahakikishe: washiriki waliupokea mradi.

Nilikumbuka mzee na swali lake. Tulisaini kilima.

Mwanangu anaandika kazi yake ya mwisho kuhusu makaa ya mawe, na wiki ile alikuwa amezama kwenye mambo ya Marekani, basi akanisimulia huku nageuza dagaa na simu imebanwa begani. Kule, serikali kuu ina ardhi kubwa sana upande wa magharibi, na makaa yaliyo chini yake inayakodisha kwa kampuni kwa zabuni. Bonde moja tu, Powder River, lililo Wyoming na Montana, linatoa karibu asilimia 40 ya makaa yote ya nchi ile. Kuna sheria waliyoipitisha mwaka 1969, Rais Nixon akaitia saini siku ya kwanza ya 1970, inayoitaka serikali iandike athari kabla ya kuamua jambo kubwa kama hilo. Kwa miaka mingi kanuni zake zilitaka rasimu ya ripoti nzito ikae wazi kwa wananchi siku zisizopungua 45. Kilichonifanya niache kugeuza dagaa ni hiki: maoni yenye hoja yalikuwa yakipewa namba, na nyuma ya ripoti ya mwisho kila hoja ilikuwa ikijibiwa. Mtu ulitafuta namba yako, ukasoma walichokujibu. Hata kama ilikuwa hapana, ilikuwa hapana yenye sababu. Mimi namba niliyopewa ni ya posho.

Nikamwambia basi hao wametuzidi. Akasema, mama subiri. Januari 2016 waziri wao anayesimamia ardhi za umma, Sally Jewell, alisimamisha ukodishaji mpya wa makaa ili mpango mzima upimwe upya. Wakaitisha mikutano miji mbalimbali, Casper, Salt Lake City, Seattle, watu wakajipanga foleni kusema, wachimbaji na wasiotaka uchimbaji. Machi 2017 serikali ikiwa imebadilika, waziri mpya, Ryan Zinke, akaufuta usimamishaji ule kabla kazi haijaisha. Kesi zikaenda na kurudi miaka. Halafu Oktoba 2025 wakafungua zabuni ya tani milioni 167 kule Montana, ikaja kampuni moja tu na dola 186,000.

Tukapiga hesabu papo hapo kwenye simu. Haifiki shilingi tatu kwa tani. Tani! Mimi kisado kimoja cha dagaa sikipi mtu kwa shilingi tatu hata akiwa shemeji. Serikali ilikataa zabuni ile, na nadhani hata mimi ningekataa bila kwenda shule.

Akaniuliza na kwetu je, maana nasi tuna makaa, Kiwira, Ngaka, Mchuchuma, kote huko kusini. Nikasema sijafika Ruvuma wala Njombe, lakini ningepata nauli ningewauliza akina mama wa kule swali moja: mkutano wenu wa maoni uliwekwa saa ngapi, na saa hizo ninyi huwa mnafanya nini?

Turudi kwetu. Katika zile kurasa 28, ukurasa wa 26 ulikuwa kiambatisho kingine, chapa ndogo, na mwanangu alikuwa ameuruka. Nilimwambia rudi, mbona naona saa zimeandikwa pale. Zilikuwa saa za nyasi. Binti yule alikuwa ameziingiza zote, kila nusu saa, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa sita: nchi kavu kwenda ziwani, nchi kavu kwenda ziwani, kimya, ziwani kwenda nchi kavu. Chini yake sentensi moja kwamba wakaushaji wa dagaa wanapendekeza krasha lisianze kabla ya upepo kugeuka. Hakuna aliyeihamishia kwenye jedwali la hoja wala kwenye mpango wa usimamizi, lakini ilikuwa ndani ya ripoti, kwa maandishi yao wenyewe, na ukurasa una namba.

Tukaandika barua. Kikundi kizima, wanawake 34, na safari hii tulisaini tukijua tunasaini nini. Barua ukurasa mmoja: ukurasa fulani wa ripoti yenu unasema upepo hivi, ukurasa fulani mwingine unasema vile, tunaomba masharti ya cheti cha mazingira yafuate ule wa kwanza. Tukaambatanisha hoja ya chemchemi, mzee akaweka dole gumba. Nakala mbili. Na kama wewe unasoma hapa kwa sababu nawe umebandikiwa tangazo kwenye mwembe, shika hili tu: nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe, mbele ya macho yako. Karani alisema muhuri uko kwa bosi na bosi yuko semina. Nikakaa kwenye benchi na sufuria yangu ya ugali hadi saa tisa alasiri. Muhuri ukapatikana.

Miezi miwili kimya. Kisha siku moja ikaja gari la wakaguzi, watu watatu, na mmoja wao ana barua yetu mkononi, imekunjwa mara nne. Hawakutaka darasa wala projekta. Walilala mjini wakaja tena kesho yake saa moja asubuhi, wakasimama kwenye chanja, mmoja akanyanyua kijinyasi. Sikumfundisha. Nadhani alisoma ukurasa ule wa saa za nyasi.

Nimeambiwa na mtendaji kwamba mapendekezo ya masharti yana saa ya kuanza kusaga, saa tano, na kwamba suala la chemchemi limeagizwa lichunguzwe na mtaalamu wa maji kabla ya mlipuko wa kwanza. Habari ya mdomo ni habari ya mdomo. Karatasi nitaisoma ikifika. Wale wapondaji wa nyundo hawatajwi popote, si kwenye jedwali, si kwenye kiambatisho, si kwenye barua yetu pia, na hilo la mwisho ni kosa langu. Mmoja wao aliniambia, "Mama mwenzangu, ninyi wa dagaa mmejisemea." Nilimpa kiti akae, tukaanza kuandika ya kwao. Ameeleza kwamba wanapata ndoo saba kwa siku mtu akiwa na afya, na kwamba krasha litatoa lori zima kabla hawajamaliza kunywa uji.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Karatasi ya mahudhurio, nyota moja, inatembea. Binti wa daftari, moja na nusu. Muda wa mkutano, shuka la projekta, tafsiri ya mzee na neno "tumelichukua" vimegawana sifuri, na andazi nimelisamehe.

Wakati tunasubiri, mwanangu amenifundisha jambo moja la bure. Nimetundika sahani nyeupe ya bati kwenye nguzo ya chanja ya mwisho, ile iliyo karibu na kilima, nimeipaka mafuta ya kula kidogo. Kila siku saa nne asubuhi naipiga picha kwa simu, naifuta, naipaka tena. Leo ni picha ya 63. Mbu watatu, unyoya wa kuku, na siku ile ya upepo mkali, jani la mwembe. Weupe wake bado uleule.

Krasha halijafika. Siku litakapofika nitakuwa na picha za kabla.